Naomba ushauri: kufundisha kompyuta Goma bila intaneti ya uhakika

Jambo wandugu. Niko Goma, Kivu Kaskazini. Waasi wa M23 walipoingia mjini Januari 2025 benki zilifunga milango, na vijana wengi mtaani kwetu wamekaa tu. Mimi na mwenzangu tumekusanya kompyuta chache za mtumba, tunawafundisha kuchapa, Excel na misingi ya kuandika programu.

Wanafunzi hawatushindi, wanajaa hadi mlangoni. Kinachotushinda ni umeme na mega za intaneti. Tumeweka programu ya Kiwix, kwa hiyo Wikipedia ya Kifaransa inasomeka bila mtandao. Sasa nataka kujaribu Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, wasome kwa simu zao kupitia Wi-Fi ya humo ndani. Kuna aliyewahi kuiendesha kwenye kakompyuta kadogo ka Raspberry Pi kwa sola? Betri ya ukubwa gani inatosha kutwa nzima?

Wengine wananishauri nifundishe kutengeneza simu, eti ndiko pesa iliko. Huenda. Ila hawa wanataka kazi za mtandaoni, nami sijui nikiwafikisha huko malipo watayapokea kwa njia gani. Mlioko Gisenyi au Kampala, ninyi mnafanyaje?

Tafadhali, msiniambie nitumie YouTube. Video moja tu inamaliza mega za wiki.