Kamera ya banda la kuku inagoma kushika waifai, nipo Uyole, msaada wakuu

Mama Tetea
Wakuu habari za jioni, poleni na baridi wenzangu wa huku juu. Nimekaa na hiki kidude tangu juzi mpaka kichwa kinauma. Nafuga kuku wa mayai hapa Uyole, banda liko nyuma ya nyumba kama hatua 40 hivi kutoka mlango wa jikoni, sasa mayai yanapungua, trei mbili tatu kwa wiki, na nikiuliza kila mtu ananiangalia kama mimi ndo sijui kuhesabu. Nikasema basi, nikanunua kamera ya waifai ile ya kuzunguka yenye antena mbili pamoja na memori kadi ya GB 64, dukani nikaambiwa kuifunga ni dakika tano. Dakika tano zipi jamani.

Naiwasha, inaongea Kiingereza chake pale, naiskani na simu, naweka pasiwedi ya ruta, inasema inaunganisha, inakaa weee, halafu inasema imeshindwa. Simu hiyohiyo iko kwenye waifai hiyohiyo na inacheza video vizuri tu kwa hiyo sidhani kama ni mtandao. Nimerudia mara kumi na kitu. Ruta ni ile ya kuweka laini.

Na jingine, mwezi ujao nakwenda Chunya wiki mbili kumuuguza mzee, nitaweza kuona banda nikiwa kule? Bando si litaisha siku ya kwanza? Kuna kijana kaniambia nifungue poti kwenye ruta, mimi hata poti yenyewe siijui. Natanguliza shukrani.

kijana_wa_mafiati
Dada uza kamera ununue mbwa, mbwa hahitaji pasiwedi 😂

Mama Tetea
Mbwa ninaye. Anakula mayai.

Fundi Nyaya Ilomba
Dada nimecheka kwanza. Haya, tatizo lako nimelijua hata kabla sijamaliza kusoma maana kila wiki napigiwa simu ya hivi. Ruta yako inarusha waifai mbili kwa jina moja, moja ya 2.4 na nyingine ya 5, hizo ni namba za masafa kwa GHz. Simu inajua kutumia zote, inakimbilia ya 5 kwa sababu ina spidi. Kamera za bei yetu hizi nyingi zinajua 2.4 peke yake, sasa wakati wa kuunganisha zinachanganyana, simu iko huku kamera iko kule, haziwezi kusalimiana. Angalia boksi la kamera, kwa maandishi madogo pembeni utakuta wameandika 2.4 tu.

Fanya hivi. Geuza ruta chini, kuna stika, ina namba kama 192.168.1.1 au 192.168.0.1 na jina na pasiwedi ya kuingilia. Ukiwa kwenye waifai ya nyumbani andika hiyo namba kwenye brauza ya simu kama unavyoandika anwani ya tovuti, utaingia ndani ya ruta. Tafuta sehemu ya waifai, ile ya 5 ibadilishe jina iwe tofauti, tuseme jina lako na 5 mwishoni, au izime kwanza tukimaliza utaiwasha. Ukiwa humohumo angalia na usalama, kama imewekwa WPA3 peke yake, ile aina mpya ya ulinzi wa waifai, rudisha WPA2 ya zamani kidogo, kamera nyingi WPA3 hazielewi. Kisha simu ishike ile ya 2.4, zima data ya laini ya simu kabisa maana saa nyingine simu ikiona kamera haina intaneti inatoroka yenyewe kwenda kwenye data, halafu kamera ibonyeze kitufe cha riseti, kiko karibu na tundu la memori kadi, shikilia mpaka itoe sauti, anza upya. Kama pasiwedi yako ya waifai ina nafasi au alama za ajabu ajabu weka herufi na namba tu, ndefu.

Muhimu: hii yote fanyia sebuleni, kamera iwe meza moja na ruta. Usiende kuparamia banda na kamera ambayo haijawahi kuwaka hata siku moja. Watu wanapanda ngazi kwanza halafu wananiita saa mbili usiku niko naota moto.

Mdau wa Sae
Fundi kamaliza la waifai. La kuona ukiwa Chunya mama sikiliza, huyo kijana aliyekwambia habari ya poti yuko sahihi, poti ni kama milango ya ruta ya kuingilia kutoka nje, fungua ya 554 na 80 uzielekeze kwenye IP ya kamera, yaani anwani yake ya mtandao, unaangalia moja kwa moja kwa VLC, ile programu ya kuchezea video, bila kupita kwenye seva za watu. Mimi nilifanya hivyo kazini miaka ya nyuma, ilikuwa safi.

Mtwa wa Kihesa
Kamwene wote. Mdau wa Sae usimpoteze mama wa watu. Kwanza kwake haitafanya kazi, kasema ruta yake ni ya laini. Mitandao ya simu mingi haikupi anwani yako peke yako, mnagawana anwani moja watu kibao, sasa mtu akigonga hodi kutoka nje ruta yako haisikii hata kidogo, mlango wenyewe uko kwa mtandao si kwako. Kuhakikisha ni rahisi, ingia kwenye ruta uone anwani ya upande wa intaneti, ikianza na 10 au iko kati ya 100.64 na 100.127 basi ujue uko nyuma ya anwani ya kugawana, fungua poti mpaka kesho hakuna kitu.

Pili hata kama ingewezekana nisingemshauri. Mnakumbuka 2016? Kulikuwa na kirusi kinaitwa Mirai, kilikuwa kinazunguka intaneti nzima kinatafuta kamera na mashine za kurekodia zilizoachwa wazi, kinajaribu pasiwedi za kiwandani kama 60 hivi, admin kwa admin, root kwa 12345, mambo hayo. Zilizofunguka zikageuzwa jeshi. Oktoba 21 mwaka ule wakaishambulia kampuni ya Dyn kule Marekani, iliyokuwa inaelekeza watu kwenye tovuti wanazoandika majina yake, Twitter na Netflix na nyingine nyingi zikawa hazifunguki kwa masaa. Kamera za majumbani ndo zilifanya hivyo, na wenye nyumba walikuwa wanaangalia tamthilia zao hawana habari. Sasa wewe unataka kufungua poti kwa ajili ya kuku.

Mama tumia programu iliyokuja na kamera, ile kamera yenyewe ndo inatoka kwenda kuitafuta seva, na simu yako inatokea upande wa pili, wanakutania hapo, hakuna poti. Weka pasiwedi ya akaunti ambayo hujaitumia sehemu nyingine, washa ile ya kutumiwa namba ya kuthibitisha kwa simu, na ikikuomba apudeti ikubalie. Asiyeamini seva za wenyewe ataweka WireGuard au Tailscale, njia za siri za kuingia mtandao wa nyumbani ukiwa mbali, lakini hiyo inataka kompyuta ndogo inayowaka nyumbani muda wote, kwa leo tusimchoshe.

Mdau wa Sae
Sawa mkuu, la kugawana anwani nilikuwa silijui, kazini tulikuwa na fayiba yenye anwani yake. Nimerudisha maneno.

Mtwa wa Kihesa
Bando sijajibu. Kurekodi kwenye memori kadi hakuli bando hata kidogo, picha inatoka kwenye kamera inaingia kwenye kadi palepale. Kinachokula ni wewe kuangalia laivu ukiwa mbali, na hapo inaliwa mara mbili, bando la ruta nyumbani linapandisha na bando la simu yako Chunya linashusha. Chukulia picha ya 1 Mbps, yaani megabiti moja kwa sekunde, saa moja ni MB 450, ukiangalia dakika 10 ni MB 75 kila upande. Ukiiacha imefunguka usiku kucha unatazama kuku wamelala ni kujitakia. Ile ya kuhifadhi kwenye seva muda wote, wanayokuomba ulipie kila mwezi, kataa, kwa picha hiyohiyo ni karibu GB 11 kwa siku.

Mama Tetea
Jamani IMEKUBALI. Ilikuwa ni hiyo hiyo 2.4, nimebadilisha jina tu ikashika mara ya kwanza, nilipiga vigelegele mpaka jirani akauliza kuna posa. Ndaga fijo fundi, na wewe Mtwa.

Ila nimeipeleka bandani jana mchana, inashika na kuachia, picha inaganda kuku mguu mmoja juu. Na usiku ndo balaa, nimeamka nina taarifa 63 kwenye simu, zote zinasema mtu ameonekana, nikifungua naona weupe tu, kama moshi.

Fundi Nyaya Ilomba
Hayo ni mawili tofauti. La kuganda ni ukuta. Nyumba zetu matofali ya kuchoma, ukuta wa jiko, halafu ukuta wa stoo, halafu bati la banda, waifai inafika imechoka. Ruta iko wapi, sebuleni kwenye kabati la tivii sio? Ihamishie dirisha la upande wa banda, juu kidogo, uone. Kama bado, chimba uvute kebo, kebo ya mtandao inafika mita 100 bila shida, ukitumia kamera ya PoE umeme na picha vinapita humohumo. Lakini kebo iwe ya shaba yenyewe, kuna hizi za alumini iliyopakwa shaba ni bei chee halafu umeme unafia njiani. Na mimi mtu wa Mbeya nakwambia ukweli, kebo ya shaba kutoka jengo moja kwenda jingine kuanzia Novemba mpaka Aprili mimi siipendi, radi ikipiga jirani tu inapita humo inakuchomea ruta na tivii juu. Weka kizuia radi na waya wa ethi wa kwenda ardhini, au baki na waifai.

Umeme nao usiusahau, ukikatika ruta na kamera vinalala pamoja na mwizi anajua. Tafuta kale ka-UPS kadogo ka ruta, ila soma adapta kwanza, kuna vifaa vya volti 12 na vya 5, ukichomeka 12 kwenye kamera ya 5 utanunua nyingine.

Weupe: umeifunga chini ya ukingo wa bati, nimeotea? Usiku kamera inawasha taa zake ambazo sisi hatuzioni, sasa kitu chochote kilicho karibu, ukingo wa bati, ukuta, kinarudisha ule mwanga kinapofusha picha yote. Ishushe kidogo itoke kwenye bati. Ukungu wa Uyole nao unafanya hivyohivyo, huo hauna dawa, punguza tu ukali wa sensa ya mwendo na uchore eneo la kuangalia liwe mlango wa banda peke yake. Na futa utando. Buibui wanapenda joto la ile lenzi kuliko wewe unavyopenda mayai, nyuzi moja tu ikitikiswa na upepo mbele ya zile taa inaonekana kama kamba ya meli. Nachukua mswaki wa zamani mkavu kila Jumapili nafagia zangu zote.

parachichi_mafinga
Naongezea moja maana lilinitokea. ANGALIENI SAA YA KAMERA. Mimi kamera yangu ya geti ilinasa mtu 03:14, koti refu, kofia imevutwa mpaka puani, anasukuma geti taratibu kama mwenyewe. Nikamkalia kooni kijana anayenisaidia shambani, nikamwambia saa tisa usiku ulikuwa unatoka wapi, kijana analia anaapa. Mama yangu mzazi naye akaangalia akasema mbona imeandika saa tatu, saa tatu tulikuwa wote tunakula, nikaanza kumuelewesha mama habari ya saa za kizungu, nimekasirika kweli. Mke wangu akaja akatazama mara moja akasema hilo koti si lako?

Kamera ilikuwa na saa ya China, GMT+8, sisi ni GMT+3, imetutangulia masaa matano. 03:14 yake ni saa nne na robo usiku yetu. Ni mimi natoka kuangalia mpira, na geti nalisukuma taratibu kwa sababu zangu. Yule kijana nilimnunulia gumbuti mpya, na mpaka leo nikimuita anakuja ameshajitetea.

kijana_wa_mafiati
Sababu zako tunazijua mkuu 😂😂

Mama Tetea
Nimecheka peke yangu jikoni. Nimeangalia yangu, kweli nayo ilikuwa imetangulia masaa matano, nimerekebisha. Ruta nimeweka dirisha la jikoni, haigandi tena. Utando ulikuwepo, na buibui mwenyewe yupo ana watoto. Swali dogo, kamera ikizunguka inaona mpaka uani kwa jirani, wanapoanika nguo na kila kitu. Ina shida?

Mtwa wa Kihesa
Ina shida. Igeuze, na kwenye programu funga isizunguke upande ule. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022 na ilianza kufanya kazi Mei 2023, lakini hata bila sheria, siku jirani akiona jicho la kamera linamfuata akianika nguo zake za ndani mtasalimiana tena kweli?

Mama Tetea
Nimeigeuza.

Wakuu nimerudi, siku ya nne leo. Leo alfajiri saa kumi na moja kasoro, na saa nina hakika nayo, kuna mkono unaingia kwenye ule upenyo wa wavu karibu na viota. Mkono tu, uso hauonekani, unachukua moja moja bila haraka, kuku hata hawapigi kelele, wanamjua. Una bangili. Bangili nimeinunua mimi Mwanjelwa mwaka jana sikukuu ya Idi. Nisiseme zaidi hapa.

Fundi Nyaya Ilomba
Pole dada. Hiyo video ihamishe kwenye simu sasa hivi kabla hujaongea na mtu. Kadi ya GB 64 ikirekodi muda wote, kwa ile picha ya 1 Mbps, ni kama siku tano na kitu tu, halafu inaanza kufuta za zamani yenyewe.