Binti wa miaka 12, sarakasi na kiuno: naombeni ushauri

Mama_Mikindani:
Wakuu habari za jioni. Binti yangu yuko kikundi cha sarakasi mwaka wa tatu. Zamani ilikuwa mara tatu kwa wiki, sasa kuna tamasha, wanafanya kila siku. Sakafu ya saruji, kigodoro kimoja watoto kumi na watano. Mwezi wa pili huu analalamika kiuno upande wa kushoto, hasa akipiga daraja, yaani kujipinda nyuma mpaka mikono ishike chini. Akiinama mbele hana neno. Viwiko vya mikono sawa, ila vifundo vya mikono vinamuuma akisimama kwa mikono. Bibi yake kasema chango, kamchemshia mizizi. Mwalimu kasema uvivu. Baba yake anasubiri hela ya korosho. Nimwachishe?

Kidume_Newala:
Mwachishe. Mtoto wa kike na samasoti wapi na wapi? Atakuja kuzaaje?

Fizio_Lindi:
Mkuu, kuzaa hakuhusiani hapo.
Dada, pole. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, na kupitia simu siwezi kumpima. Kinachonishtua ni kuumia akijipinda nyuma. Kila daraja linazibana pingili za kiunoni kwa nyuma, na pale kuna sehemu nyembamba ya mfupa inayoweza kupasuka taratibu, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Umri huu anarefuka haraka. Misuli ya nyonga na mapaja inabaki nyuma, inakaza, kiuno ndicho kinalipa. Ongeza saruji na mazoezi yaliyorundikwa ghafla. Vifundo navyo: mwisho wa mfupa wa mkono kuna gegedu la ukuaji, sehemu laini ambapo mfupa unarefukia, na sarakasi inaugeuza mkono kuwa mguu.
Mshike, asimame mguu mmoja, ajipinde nyuma polepole. Akiumia, daraja na samasoti basi mpaka aonwe. Eksirei ya mwanzo inaweza kutoka safi na mpasuko upo, msiishie hapo. Akipata ganzi miguuni au akashindwa kuzuia mkojo, mkimbizeni siku hiyohiyo.
Anakula vizuri?

Mama_Mikindani:
Hapo umenigusa. Ugali anaukwepa, kaambiwa atakuwa mzito kurushwa juu.

Fizio_Lindi:
Basi hiyo nayo ni sababu. Mfupa unaojengwa kwa njaa haujengeki. Dagaa, maziwa, kunde, ugali wake ale.

Sarakasi_Mstaafu:
Mimi nilikuwa yule wa juu kabisa kwenye piramidi. Nilimeza dawa za maumivu ili nipande jukwaani, nikasifiwa roho ngumu. Leo nina miaka 29, ndoo ya maji nabebewa. Mwalimu akimkalia mgongoni ili "alainike", mchukue mtoto uondoke naye. Mtoto mlegevu wa viungo ndiye anayehitaji nguvu ya tumbo na makalio, kunyooshwa anako tayari. Kuna kanuni rahisi: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wake. Hesabu.

Mama_Mikindani:
Nimehesabu, kumi na sita. Na hapo sijaweka Jumapili.
Nimemsimamisha sasa hivi. Mguu wa kulia alicheka. Wa kushoto alinishika kanga, machozi yakamtoka. Baba yake alikuwa mlangoni, kaona mwenyewe. Kaenda kuazima nauli bila kuniambia neno. Kesho alfajiri tunashuka hospitali ya Ligula. Bibi kashikilia chupa ya mizizi iende naye, sijui nitamwambiaje.

Fizio_Lindi:
Iende, ila asinywe. Mwonyesheni daktari, na mtaje kila alichokwisha kunywa.