Mrejesho: somo la moto kwa watoto wa awali

Wakuu, niliuliza namna ya kuwafundisha watoto wa miaka mitano kujikinga na moto bila kuwatia hofu. Ahsanteni sana kwa majibu.

Somo lote nimelifanya kwa vitendo. "Simama, lala, viringika", la kufanya nguo zikishika moto, walilishika haraka, viganja usoni. Moshi ndio uliohitaji muda: tulitandaza kanga usawa wa viuno vyao iwe kama moshi, nikawaambia hewa nzuri iko chini, wakatambaa hadi mlangoni. Kisha nikauliza, nyumba ikiwaka utakwenda wapi? Wengi wakajibu uvunguni. Hapo ndipo nilipokaa sana, maana mtoto aliyejificha waokoaji hawamwoni kwa urahisi. Tunarudia kila mara: toka nje, usirudi kuchukua kitu, mwite mtu mzima. Namba 114 ya Zimamoto wanaiimba.

Kiberiti: usiguse, mwambie mkubwa.

Wazazi nao niliwaita. Bado wapo wanaopaka dawa ya meno mtoto akiungua; nimewasisitizia maji safi yanayotiririka, dakika 20, kisha hospitali. Mlango wa darasa letu unafungukia ndani na madirisha yana nondo, kwa hiyo moto ukitokea kutoka ni shida. Hilo nimeliandikia uongozi wa shule, na sitaliacha.