Vibebeo vya habu za nyuma kwa ajili ya breki za diski: naomba ushauri

Mwanagenzi: Ndugu mafundi, salaam. Ninaunda gari la viti viwili hapa nyumbani Morogoro, na injini pamoja na giaboksi ya Corolla ya kuvuta mbele nimeihamishia nyuma ya viti. Likiwa na dereva nakadiria litafika kilo 700. Nimekusudia kuchomelea visanduku vya bamba la milimita 6 vya kubebea beringi za habu (kitovu kinachofungiwa gurudumu), kisha niviongezee masikio ya kufungia kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya breki. Mirija ya kuingizia beringi imeshakerezwa kwa kipimo kamili. Je, nianze kuchomelea?

Fundi Kerezo: Usianze. Joto litaupinda mrija, na beringi ya kushindilia (inayoingizwa kwa kubanwa kwa nguvu) inadai usahihi wa sehemu za mia za milimita. Chomelea kwanza, uache upoe taratibu, ndipo ukereze. Kwa hiyo mirija uliyo nayo, sikufichi, ni hasara. Masikio nayo usiyadharau: tairi la nusu kipenyo cha milimita 280 likizuiwa kwa niutoni 1,400, kalipa iliyo milimita 100 kutoka katikati hubeba karibu niutoni 4,000, sawa na kutundika kilo 400 kwenye boliti mbili.

Mzee wa Gereji: Kwa nini uunde kitu ulicho nacho? Gari ulilotolea injini lilikuwa na vibebeo vya mbele vyenye beringi, habu na mahali pa kalipa. Toyota wenyewe, walipotoa gari lao la viti viwili, MR2, mwaka 1984, waliweka mitambo ya aina hiyo nyuma ya viti. Ule mkono wa usukani unaotokeza kwenye kibebeo uufunge kwenye fremu kwa fimbo imara inayorekebishika, la sivyo gurudumu litajipinda lenyewe barabarani. Ila usichomelee chochote juu ya kibebeo, kwa kuwa ni chuma cha kusubu na kinaweza kupasuka.

Fundi Kerezo: Nakubaliana na Mzee, ingawa kalipa hizo hazina handibreki, hivyo utahitaji nyingine ndogo za kuvutwa kwa waya.

Mwanagenzi: Nashukuru, nimeiacha mirija. Lakini nikibadilisha vibebeo vya kulia na kushoto ili mkono wa usukani ugeukie upande mwingine, huku kila kalipa ikibaki upande wake, kijiboliti cha kutolea hewa kwenye kalipa kinakuwa chini.

Mzee wa Gereji: Hewa itabaki juu na pedali italegea. Wakati wa kutoa hewa, fungua kalipa, igeuze kijiboliti kiwe juu, na ubane kipande cha mbao chenye unene wa diski kati ya pedi ili pistoni isichomoke.