Tupeane uzoefu: komandi iliyofuta bila kuuliza, au iliyouliza ikakuokoa

fundi_arua
Wadau habari za jioni. Niko Arua naangalia seva chache za watu, sasa juzi kijana wetu alitaka kubadilisha saa ya bekapu akaandika crontab -r badala ya crontab -e, ile ya kuhariri ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe. Hizo herufi ziko jirani kabisa kwenye kibodi, na -r inafuta ratiba yote ya yuza huyo hapo hapo, haiulizi, haisemi hata imefuta, inakaa kimya tu. Wenzake wakaanza kumcheka, mimi nikawaambia ngojeni kwanza, huyo aliyeweka kufuta na kuhariri pembeni kwa pembeni mbona hamumcheki? Eti ipo -i ya kukuuliza kabla haijafuta, haya, sasa mtu aliyeteleza kidole ataikumbuka saa ngapi hiyo -i? Ratiba tuliipata kwa kuchimba syslog, faili la kumbukumbu za mfumo, maana cron, programu inayoendesha ratiba hiyo, huandika mle kila komandi inayoendesha, tukaiunganisha upya mstari kwa mstari mpaka usiku. Leteni za kwenu.

acholi_admin
Pole sana. Sisi Gulu tumeweka molly-guard, programu ya kuzuia kuzima seva kwa bahati mbaya, kwenye seva zetu zote za Debian. Ukiandika reboot ukiwa umeingia kwa SSH, yaani kutoka mbali, inakuuliza kwanza jina la seva. Kuna jamaa alitaka kuzima laptop yake, kumbe dirisha alilopo ni la seva ya malipo, akaulizwa jina akaandika la laptop, ikakataa katakata 😂 alibaki kuangalia skrini tu. Ya GitLab, wale wanaohifadhi msimbo wa programu, mnaikumbuka, Januari 2017? Mhandisi alidhani yuko kwenye seva ya pili akafuta folda ya database kwenye ile kuu. Prompt tu, yale maandishi yanayotangulia komandi, ingekuwa na rangi tofauti, nani anajua.

kla_root
Mimi napinga kidogo ssebo. Maswali yakizidi watu wanabonyeza y bila kusoma. Kuna mahali nilifanya kazi rm, ile ya kufuta faili, ilikuwa imefungwa alias (jina la mkato) ya rm -i, inauliza faili moja moja, basi ndani ya wiki kila mtu kashazoea kuandika rm -rf, isiyouliza kitu, hata kwa faili moja. Heri -I kubwa, inauliza mara moja tu zikizidi tatu au ukifuta folda. Na zaidi ya kuuliza, inionyeshe kwanza itafanya nini! git clean, ya kufuta faili ambazo git haizifuatilii, bila -f inagoma, ukiweka -n inakuorodheshea itakavyofuta, hiyo ndiyo adabu. rsync --delete, inayonakili folda na kufuta kule inakopeleka visivyopo kwenye chanzo, nayo sithubutu kuiendesha kabla ya -n.

mzee_wa_unix
Vijana nyie mna bahati. Kwenye Linux killall unaipa jina la programu inaua hiyo tu. Kwenye Solaris, Unix nyingine, killall inaua michakato yote kweli kweli, ukiwa root (yuza mkuu) mashine imekwisha. Bora manpage (ukurasa wa msaada) ya Linux inaonya kwamba kwenye mifumo mingine matokeo si hayo unayotegemea.

nyabo_jinja
Mzee umegusa penyewe, onyo lipo lakini nani analiona? Huku kwetu bando likiisha msaada ni man tu, na siku zote linaisha usiku ukiwa katikati ya kazi. Unafungua man rsync, ndefu hiyo, unatafuta ile slashi ya mwisho wa jina la folda unayonakili inamaanisha nini. Ukiiweka inabeba vilivyomo ndani ya folda, usipoiweka inabeba folda yenyewe, changanya na --delete uone. Imeelezwa vizuri tu, sikatai, ila kwa nini nisome kurasa zote hizo ndo nijue hapa nikikosea kitu kinafutika? Waiweke juu kabisa pamoja na mfano mmoja.

fundi_arua
@nyabo_jinja kabisa. Nimeshaweka alias crontab='crontab -i' kwa kila yuza, najua kwenye skripti haitasaidia ila kidole huteleza mtu akiwa anaandika mwenyewe. @kla_root hiyo -I naijaribu kesho. Na firewall je? ufw enable, ya kuwasha firewall, inakuonya kwamba SSH inaweza kukatika, hiyo sina neno, lakini tunaoandika sheria za firewall kwa mkono kwa iptables kuna aliyetumia iptables-apply?

acholi_admin
Naitumia. Ikishaweka sheria mpya inakuuliza, usipojibu ndani ya sekunde 10 inarudisha sheria za zamani yenyewe. Kwa mtandao wetu huu ongeza muda kwa -t, 10 ni chache.