Mke wangu hawezi baridi: mfuko wa kulalia au mablanketi na godoro la upepo?

Baba_Nasri
Wakuu, habari za jioni. Mimi na mama Nasri tunasafiri, tutalala kwenye hema siku tatu. Mwenzangu hawezi baridi kabisa. Hapa Dar kiyoyozi kikiwa 24 tu anajifunika mpaka kichwani. Nimebaki na njia mbili: ninunue mfuko mmoja mzuri wa kulalia kwa ajili yake, au nibebe godoro la kujaza upepo na mablanketi manne mazito tulale pamoja. Nimetenga laki tatu. Kesho kutwa naingia Kariakoo, naomba mnisaidie kuchagua.

Kinyonga_wa_Mufindi
Mnakwenda wapi mkuu? Lini? Mna gari au mnatembea kwa miguu? Mablanketi manne mgongoni hayabebeki.

Nesi_wa_Zamu
Kaka, baridi anaisikia wapi? Miguu na vidole, au mwili mzima? Vidole vinageuka vyeupe? Mtu anayesikia baridi hata Dar, kabla ya blanketi apimwe wingi wa damu na tezi ya shingo. Nimeona wengi wakinunua masweta miaka nenda rudi kumbe damu ilikuwa pungufu.

Baba_Nasri
Samahani wakuu, nimeandika haraka. Ni hifadhi ya Kitulo, kule nyanda za juu kusini, wiki ya Nane Nane mwezi wa nane. Tunaanzia Mbeya kwenye maonyesho, halafu tunapanda. Gari tunalo. Shida kubwa ni miguu, ikishapoa hapati usingizi mpaka alfajiri. Damu hajapima, nitamwambia.

Mtoto_wa_Matamba
Karibuni kwetu, ila jiandaeni. Miezi hii majani ya uwandani yanaamka meupe kwa sakitu, na viazi vikikutwa shambani majani yanaungua. Ukitoka Chimala ukazipanda zile kona hamsini na saba, ukifika Matamba tayari unatafuta koti. Na uwanda wenyewe uko juu zaidi, kama mita 2,600. Mimi ni mtu wa blanketi. Bibi yangu amelala na mablanketi maisha yake yote huku huku, mzula kichwani, soksi mbili mbili, na hakuna aliyemsikia akitetemeka.

Hesabu_Tu
Bibi alilala ndani ya nyumba yenye kuta na moto jikoni, mkuu. Hema ni kitambaa. Kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi 6 hivi. Usiku wa mwezi wa nane Dar ni 19 au 20. Kwa mita 2,600 toa 16, imebaki 3 au 4, na anga likiwa wazi bila upepo ardhi inapoa zaidi ya hapo. Nunua mfuko, lakini soma lebo vizuri. Penye neno Comfort ndipo palipopimwa kwa mwanamke wa kawaida. Limit ni ya mwanamume aliyejikunja. Extreme ni ya kubaki hai tu, wala si ya kulala. Wauzaji wengi wanaandika hiyo ya mwisho kwa herufi kubwa. Mama Nasri mtafutie ambao Comfort yake ni -5 au chini zaidi.

Mama_Kambi
Naomba niseme kuhusu godoro la upepo, sitaki mwenzangu ayapitie niliyoyapitia.

Tulikuwa Ngorongoro, kambi ya Simba, ile ya ukingoni juu ya kreta, mwezi wa saba. Mume wangu alinunua godoro kubwa la watu wawili, limejaa vizuri, juu tukaweka mablanketi matatu. Saa nne usiku tumelala raha mustarehe. Saa nane nikaamka mgongo umekufa ganzi. Nikapitisha mkono chini ya shuka, godoro limepoa kama bati la asubuhi. Tukachukua blanketi moja la juu tukalitandika chini, sasa juu kukawa hakutoshi. Nguo nyingine ziko kwenye gari, na nje pundamilia wanakula majani karibu kabisa na kamba za hema, tunasikia meno yao. Hakuna aliyetoka. Halafu maji yakaanza kudondoka kutoka paani, kumbe ni pumzi zetu, tulikuwa tumefunga kila zipu tukidhani tunazuia baridi. Blanketi la juu likalowa. Tulikaa mpaka kunakucha, nyayo zangu nimeziweka kwenye kwapa za mume wangu.

Asubuhi mpishi wetu akalibonyeza godoro akasema shida ndiyo hii: hewa ya humo ndani inazunguka, inachukua joto lenu inalipeleka ardhini. Usiku wa pili alitupa vipande viwili vya sponji, mablanketi yale yale, moja chini mawili juu, dirisha la hema tukaliacha wazi kidogo. Tulilala mpaka saa kumi na mbili. Kwa hiyo mablanketi hayakuwa na kosa. Baridi inatoka chini.

Mpagazi_Mstaafu
Huyu dada amesema kweli tupu. Hata mfuko wa bei kubwa, ule upande unaoulalia unagandamizwa, hauna kazi tena. Sponji kwanza. Na mimi nasema usinunue, kakodi Moshi, kule kuna mifuko ya mlimani iliyofika Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Wa manyoya ya bata ni mwepesi na una joto, ila ukilowa unakunjamana na joto linakwisha. Wa nyuzi za kiwandani ni mzito lakini unavumilia umande.

Kinyonga_wa_Mufindi
Atoke Dar aende Moshi kukodi, ndipo ageuze kwenda Mbeya? Mkuu, hiyo ni safari nyingine.

Komredi77
Mnazunguka sana. Jiko la mkaa dogo, liwake nje, likishaacha moshi liingize hemani nusu saa kabla ya kulala. Sisi kwetu ndivyo tunavyofanya.

Nesi_wa_Zamu
HAPANA. Tafadhali Baba Nasri usifanye hivyo hata kwa dakika tano. Mkaa ulioacha moshi ndio hatari zaidi, ile hewa haina harufu wala rangi, mtu analala na haamki. Nimepokea familia hospitalini alfajiri kwa sababu hiyo hiyo, ndani ya chumba, sembuse hema.

Komredi77
Dada, tumekua hivyo miaka yote.

Nesi_wa_Zamu
Na wasioamka hawapo hapa kutusimulia. Chemsha maji nje, tia kwenye chupa ngumu isiyovuja, ivishe soksi, muwekee miguuni robo saa kabla hajaingia kulala. Abadilishe soksi za mchana, zina jasho hata kama anaona kavu. Na asinywe pombe kwa ajili ya joto, inapeleka damu kwenye ngozi, anasikia moto kidogo huku mwili unapoteza joto.

Mtoto_wa_Matamba
Kwanza mbona mwezi wa nane? Kitulo watu wanaifuata kwa maua, na maua ni kuanzia Desemba mpaka Aprili. Ndiyo maana tunaiita Bustani ya Mungu. Sasa hivi ni nyasi kavu.

Baba_Nasri
Likizo ndiyo hiyo mkuu, tarehe haibadiliki. Godoro la upepo nimeliacha, asante sana Mama Kambi. Ila bado nauliza: sponji mbili na mablanketi sita, au sponji na mfuko mmoja wa mama Nasri, mimi nijifunike blanketi?

Mama_Kambi
Mablanketi. Mkilala pamoja joto lako ni lake.

Hesabu_Tu
Mfuko. Ukigeuka usingizini blanketi linafunuka.

Mpagazi_Mstaafu
Mfuko, na blanketi juu ya mfuko.

Kinyonga_wa_Mufindi
Matamba kuna nyumba za kulala wageni. Hema fanyeni usiku mmoja tu.

Baba_Nasri
Nimemsomea mama Nasri mazungumzo yote. Ameshukuru, ila anauliza choo cha kambini kiko umbali gani na hema.

Nesi_wa_Zamu
Ameuliza la maana, baridi huongeza mkojo. Chagueni sehemu ya karibu, tochi na viatu viwe mlangoni.

Mtoto_wa_Matamba
Inategemea mtakapopiga hema. Na hema lenyewe hujatuambia, ni la watu wangapi?