Naomba ushauri: Medicare (bima ya afya ya serikali ya Marekani) na bima ya kazini kwa kaka yangu aliyepandikizwa figo
Wakubwa shikamooni, wengine nawasalimu. Kaka yangu anaishi Marekani, na mwaka jana alipandikizwa figo baada ya kusafishwa damu kwa muda mrefu. Kwa utaratibu wa huko, bima ya mwajiri hutangulia kulipa kwa miezi 30 tangu mgonjwa wa figo anapostahili Medicare, kisha Medicare ndiyo hutangulia. Yeye alijiandikisha Sehemu A ya Medicare (ya kulazwa hospitalini) peke yake, akaiacha Sehemu B (ya madaktari na dawa za kulinda figo iliyopandikizwa) ili kuepuka mchango wa kila mwezi. Sasa miezi hiyo imekwisha, na bima ya kazini imemwandikia kwamba haitalipa fungu linalopaswa kubebwa na Medicare. Jana alinionyesha kwa simu ya video kisanduku chake cha dawa, chenye vyumba vya asubuhi na jioni: takrolimasi imebaki ya siku tisa, na dawa hiyo hairukwi, kwa sababu mwili unaweza kuikataa figo. Nina hofu kubwa. Je, ni lazima asubiri usajili wa Sehemu B wa Januari hadi Machi, au ipo njia ya mapema? Na kwa kuwa Medicare yake itakoma miezi 36 baada ya upandikizaji, mliopitia hali hii mlijipangaje?